Mtelezo

Kitu chenyewe ni kipande cha ubao chenye urefu wa shibiri moja na ziada, kilichotiwa mistari myeusi iliyotawanyika upande wa kushoto na kusongamana upande wa kulia, na katikati yake kimechongwa mfereji ambamo hulala kipande kingine, chembamba zaidi, kinachokwenda mbele na kurudi nyuma kwa kusukumwa na kidole gumba. Siku hizi hakionekani ila juu ya meza za wauza vitu vya kale, baina ya saa zisizokwenda na dira zilizopoteza sindano zake, na anayekiuza aghalabu hajui kilimtumikia nani wala kwa kazi gani. Lakini mkono wa mpita njia ukikigusa hufanya, bila ya kuamriwa, jambo ambalo kila mkono hufanya, nalo ni kukisukuma kile kipande cha kati na kuona furaha ndogo isiyo na sababu kinapokwenda. Waingereza hukiita rula ya mtelezo, na kile kipande cha kati hukiita mtelezo wenyewe, slide, neno lile lile waliloliweka juu ya mchezo wa mtoto, juu ya kioo cha tabibu, juu ya picha ya mhadhiri, juu ya bomba la tarumbeta, na juu ya mlima unaoporomokea watu majumbani mwao. Ni neno fupi, pumzi moja tu, na nimekaa nalo muda mrefu nikijiuliza ni kitu gani kilichomo ndani yake kinachoweza kubeba mema na maovu ya kadiri hiyo bila ya kupasuka.

Ubao huo una nasaba yake. Mwaka 1614 John Napier, bwana wa Merchiston karibu na Edinburgh katika Uskoti, alitoa kitabu cha kuwafunulia watu logi, zile hesabu ambazo wengi wetu tulizisoma shuleni katika majedwali ya tarakimu nne. Na miaka michache baadaye, yapata 1622, kasisi William Oughtred wa kanisa la Albury katika Surrey alitambua kwamba logi zikichorwa kama mistari, na mstari mmoja ukatelezeshwa ubavuni mwa mwenziwe, hesabu hujijibu yenyewe. Siri yake ni kwamba namba hazikupangwa kwa nafasi sawa, bali kwa namna ambayo umbali wa moja hadi mbili ni sawa na umbali wa mbili hadi nne, na wa nne hadi nane, kwa hiyo kuunganisha urefu na urefu ni kuzidisha namba kwa namba: weka moja ya kile kipande chini ya mbili ya ubao, kisha tazama juu ya tatu, utaikuta sita inakungoja. Kwa ubao huu walihesabu wajenzi wa madaraja, wa reli na wa meli kwa takriban miaka 350, ukasafiri pamoja na wanaanga wa Marekani katika vyombo vya Apollo, mpaka ilipotokea mwaka 1972 mashine ya mfukoni iliyoitwa HP-35, ikaufungia kabatini.

Hata hivyo linalonishughulisha si hesabu, bali ni sharti lililokuwa juu ya fundi. Kipande cha kati kikilegea mno, jibu huhama lenyewe kabla halijasomwa. Kikikaza mno, hakuna jibu. Fundi alitakiwa achonge mfereji ambao ndani yake kitu kitakwenda kwa wepesi kinapotakiwa kwenda, na kitatulia imara kinapoachwa, naye akikosea kwa unene wa unywele, upande huu au upande ule, ubao wake ulifaa kuwa kuni. Katika sharti hilo dogo naona ndimo ilimo habari yote ya kuteleza, maana kuteleza kwenyewe si neema wala si nakama, na kinachokugeuza kuwa hili au lile ni mshiko uliowekwa, au uliosahauliwa, pembeni mwake.

Neno hilo, slide, ni kongwe kwa Waingereza kuliko wafalme wao wengi. Lilikuwamo katika lugha yao kabla Wanormani hawajavuka bahari mwaka 1066, na katika ukoo wake limetoka jina la sileji, kile chombo kisicho na magurudumu kinachoburutwa juu ya theluji, na kitenzi wanachokitumia kwa mwendo wa nyoka. Si ajabu kwamba watu ambao ardhi yao hugeuka kioo kila mwaka baridi inapoingia wamelitia neno la utelezi katika kila pembe ya maisha, kama vile sisi wa mwambao tulivyotia upepo na maji katika mithali zetu. Lakini ardhi, iwe ya baridi au ya joto, ina jambo moja inalotufanyia sote, na hatulishukuru kwa kuwa halikomi: inatushika. Mwaka 1699 Guillaume Amontons aliwaeleza wanazuoni wa Paris kwamba msuguano baina ya vitu viwili huongezeka kwa kadiri ya uzito unaovikandamiza, sheria ambayo Leonardo da Vinci alikuwa ameigundua zamani kabla yake na kuiacha katika madaftari yake. Na kwa sheria hiyo mzee anayekwenda msikitini alfajiri, na mchukuzi mwenye gunia mabegani, husimama wima. Mtu husema, natembea kwa miguu yangu; wala hasemi, natembea kwa hisani ya udongo, ilhali lau hisani hiyo ingeondolewa kwa saa moja tu, pasingekuwa na mwendo duniani, wala kusimama, na hata fundo la kamba lisingekaa.

Wakati mwingine binadamu huiomba ardhi imwachilie, na hapo ndipo inapoonekana elimu ya watu wa kale. Katika kaburi la Djehutihotep, liwali mmoja wa Misri aliyeishi yapata miaka 1,900 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, pale Deir el-Bersha, ukutani palichorwa sanamu kubwa mno iliyofungwa juu ya sileji ya mbao, na safu kwa safu za wanaume wanaoivuta kwa kamba, na mbele ya sileji, juu ya miguu ya sanamu, amesimama mtu anayemwaga maji mchangani. Wengi waliotazama picha hiyo walidhani maji yale ni ibada. Mwaka 2014 wataalamu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam waliburuta sileji ndogo katika mchanga mkavu na mchanga uliotiwa maji, wakaona kwamba mchanga uliolowa kwa kadiri yake huhitaji takriban nusu tu ya nguvu, kwa kuwa haujikusanyi mbele ya sileji na kuizuia. Bali maji yakizidi, faida hupotea. Yule mtu wa kumwaga maji, ambaye jina lake halikuandikwa, alikuwa basi mwenye kazi nzito kuliko wavutaji wote, maana wao walitoa nguvu na yeye alitoa kiasi.

Elimu hiyo haikutupita sisi. Huko Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, chombo kilichoundwa ufukweni hakikuwa chombo mpaka siku ya kushuliwa, na siku hiyo haikuchaguliwa na fundi peke yake bali na mwezi, kwa kuwa ilibidi kungoja bamvua ili maji yaje karibu kadiri iwezekanavyo. Chini ya mkuku hulazwa magogo, na ubavuni, chini ya usawa wa maji, chombo kilikwisha pakwa deheni, yale mafuta ya shahamu yaliyochanganywa na chokaa. Na watu wa mji hukamata kamba, wengine za kuvuta na wengine za kuzuia, kisha nyimbo huanza. Wageni hupenda kuwatazama wanaovuta. Mimi naona waliokamata kamba za nyuma ndio wanaostahili kutazamwa, wale wanaouzuia uzito wa chombo kwa visigino vilivyozama mchangani, wakiliruhusu jahazi liende na wakilikataza lisiende mbio. Na asiyewaona hao hajui kwa nini jahazi limefika majini likiwa zima.

Upo mtelezo mwingine, usio na jasho wala nyimbo, uliobadili hatima ya watu wengi kuliko majahazi yote. Katika karne ya 18 waliochungua vitu vidogo kwa hadubini walivibana baina ya vipande vya ulanga ndani ya matundu ya kijiti cha pembe ya ndovu, wakakipitisha kijiti kile chini ya lenzi, tundu baada ya tundu, na kwa mwendo wake huo kikapata jina. Pembe ikaondoka, kikaja kioo, na wachunguzi wa London wakakubaliana juu ya kipimo chake, inchi 3 kwa inchi 1, ambacho kimebaki hadi leo karibu duniani kote. Jina la mtelezo likabaki pia, ijapokuwa kioo sasa hubanwa mahali pake. Ila katika zahanati zetu jina hilo bado lina haki. Muuguzi humchoma mtoto mwenye homa kwenye kidole, hutia tone la damu juu ya kioo, kisha huchukua kioo cha pili, hukiinamisha, hukigusisha na lile tone na kukitelezesha kwa mwendo mmoja usiositasita, na damu hufuata nyuma yake na kutandazika nyembamba hata mwanga hupita ndani yake. Mkono ukitetemeka, au ukiharakisha, chembe za damu hulaliana na ugonjwa hujificha. Mkono ukitulia, basi, baada ya kutiwa rangi ya Giemsa, huonekana kile kijipete kidogo cha zambarau ambacho ni malaria, jamaa wa wale ambao Ronald Ross aliwaona tumboni mwa mbu huko Secunderabad, mwezi wa Agosti 1897. Nje, juu ya benchi, mama amekaa na mwanawe mapajani akingoja jibu, wala hajui kwamba jibu lake limetegemea wepesi wa kifundo cha mkono wa mtu mwingine.

Kioo hicho kina ndugu aliyeingia katika taa. Tangu siku za Christiaan Huygens, aliyeichora taa ya kutupia picha mwaka 1659, palikuwa na desturi ya kuchora picha juu ya kioo na kukisukuma katika ufa wa taa, ili picha iondoke na nyingine ishike mahali pake. Na David Livingstone alikuwa na taa ya namna hiyo alipofika mwaka 1854 kwa Shinte, mtawala wa Walunda katika nchi za maji ya juu ya Zambezi. Picha ya kwanza aliyoionyesha ilikuwa ya Nabii Ibrahimu ameinua kisu juu ya mwanawe, kisa ambacho wengine wetu tumelelewa nacho kwa jina la Ismaili na wengine kwa jina la Isaka. Wanawake wa mji walitazama kwa utulivu, mpaka Livingstone alipokisogeza kioo, na kile kisu kikaanza kuwajia wao. Wakaita mama zao, wakakimbia wote. Yeye mwenyewe aliisimulia habari hiyo kama jambo la kuchekesha. Mimi sioni la kucheka. Mtu mwenye kisu akija kwa hatua, hatua zake hukupa muda wa kumhesabu. Ajapo bila ya kuinua mguu, kwa mwendo mororo usio na kituo, muda huo haupo, na moyo unaotishika kwa jambo hilo ni moyo unaojua mambo. Leo tunayo slaidi katika lugha yetu, na katika kila ukumbi wa mkutano picha na maneno hubadilishana ukutani bila ya kitu chochote kusogea. Nasi tumezoea mno kujiwa na mambo yasiyo na hatua.

Kuhusu muziki sitakawia. Trombone, tarumbeta yenye bomba linalotelezeshwa mbele na nyuma, ina mahali saba pa kulisimamisha bomba lake, wala hapana hata pamoja palipotiwa alama. Na udi wetu wa taarabu, uliopigwa Unguja tangu kabla ya kuanzishwa kwa Ikhwani Safaa mwaka 1905, hauna vigezo shingoni, ndiyo sababu vidole vinaweza kufika kwenye zile sauti za maqamu zilizo baina ya sauti na sauti, ambazo kinanda hakiwezi kuzipata. Hapo mshiko umehama kutoka kwenye ubao ukaingia katika sikio.

Naja sasa kwenye matumizi ya neno hilo yanayonitia hofu. Mwingereza akiliacha deni, ahadi, kosa au wajibu upite bila ya kuushughulikia, husema ameuacha uteleze. Wakati mwingine maneno hayo ni ya kiungwana, kwa kuwa yako makosa ya jirani na ya mwenzi wa ndoa ambayo hekima ni kutoyashika, na nyumba isiyojua kuachilia haikaliki. Lakini aghalabu jambo linaloachwa hivyo si haki ya anayeliacha, bali ni amana ya mtu mwingine aliyeko chini ya mteremko. Na ubaya wa kuteleza kwa namna hii ni kwamba hakumpi mtu nafasi ya kujiona ametenda. Aibaye hujua siku aliyoiba, na asemaye uongo hulijua neno lenyewe. Bali yule aliyeacha barua bila ya majibu, akaacha na ya pili, akaahirisha ukaguzi hadi mwezi ujao na mwezi ujao ukawa mwaka, huyo hana siku ya kuionyesha. Chovya chovya humaliza buyu la asali, walisema wazee, nao hawakusema ni chovyo lipi lililolimaliza. Wakasema pia kwamba kuteleza si kuanguka, na maneno hayo yamewafariji wengi na yana kweli, maadamu aliyeteleza ameushika mti ulio karibu. Kwa asiyeshika chochote ni kauli ya muda tu.

Mfano wake uko Wales, katika kijiji cha Aberfan, na kila nikilitaja neno hili la Kiingereza siwezi kutokifikia. Juu ya kijiji kile palikuwa na machimbo ya makaa ya mawe, na taka za machimbo zililundikwa mlimani, lundo baada ya lundo. Lundo la saba lilianzwa mwaka 1958 juu ya chemchemi, na chemchemi ile haikuwa siri, kwa kuwa ilichorwa katika ramani. Mchanga mkavu ukimwagwa hujipa mteremko wake, takriban nyuzi 34, na hapo hukaa, kila chembe ikiishika chembe. Maji yakiingia katikati huzitenga chembe na kuubeba mzigo zilizokuwa zikiubeba, na mshiko hutoweka ingawa kwa macho lundo ni lile lile. Malundo yale yaliwahi kuteleza kabla, na hilo la saba lenyewe liliteleza mwaka 1963. Mwaka huo huo zikaandikwa barua juu ya hatari ya tope la makaa lililomwagwa nyuma ya shule za Pantglas. Barua zilipokewa, zikajibiwa kwa lugha ya ofisini, zikawekwa katika majalada, na umwagaji ukaendelea.

Siku ya Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 1966, ilikuwa siku ya mwisho kabla ya mapumziko ya katikati ya muhula. Ukungu ulilala bondeni. Wafanyakazi waliopanda juu asubuhi walikuta kilele cha lundo kimedidimia, wakamtuma mtu ateremke kutoa habari, na saa tatu na robo lundo likaondoka. Shule ya msingi ya Pantglas ilikuwa chini yake, na watoto walikuwa wameingia madarasani punde tu. Walikufa watu 144, na katika hao 116 walikuwa watoto, wengi wao wa umri wa miaka saba hadi kumi. Wachimba makaa waliotoka mgodini walichimba kwa mikono kuwatafuta wana wao wenyewe. Mwezi wa Machi wa mwaka ule ule Uingereza ilikuwa na uchaguzi ambao huhesabiwa miongoni mwa ule ushindi mkubwa ambao wao huuita kwa jina la mporomoko wa ardhi, kwa kuwa kura huenda zote upande mmoja. Na mimi nikilisikia jina hilo likitumiwa kwa shangwe, masikio yangu hukataa.

Baraza lililochunguza msiba huo chini ya jaji Edmund Davies lilikaa siku 76, na ripoti yake ya mwaka 1967 iliitia lawama Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, ikieleza kwamba hapakuwa na waovu katika habari ile, bali watu wa heshima walioshindwa kazi kwa ujinga, kwa uzembe na kwa kutoelezana. Hukumu hiyo naiona ni ya kutisha kuliko ile ambayo ingemtaja muuaji. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini huko ufa ulionwa na wengi, kila mmoja akadhani chokaa iko mkononi mwa mwenziwe. Na mambo hayakuishia hapo, kwa sababu kijiji kilipodai malundo yaliyosalia yaondolewe, serikali ilichukua mwaka 1968 pauni 150,000 kutoka katika mfuko wa michango iliyotolewa kwa ajili ya wafiwa ili kulipia kazi hiyo. Zilirudishwa mwaka 1997 kwa hesabu ile ile, bila ya ziada, na mwaka 2007 serikali ya Wales ikatoa pauni milioni 1.5 nyingine. Miaka arubaini ilipita basi, na katika miaka hiyo wazazi wengi walikwisha kuzikwa karibu na watoto wao.

Kwetu milima huteleza pia. Tarehe 1 Machi 2010 udongo wa Mlima Elgon ulikifunika kijiji cha Nametsi katika Bududa, Uganda, na tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliingia mjini Katesh na vijiji vya jirani baada ya mvua kubwa, wakafa watu zaidi ya 80. Mara nyingi tunasema ni kadari, na mwenye imani hawezi kuikana kadari. Ila kadari haikumkataza mtu kupima mteremko, wala kuhesabu mvua iliyonyesha, wala kupeleka habari bondeni kabla ya usiku.

Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya malundo mwaka 1969, lakini iliwekwa kwa ajili ya machimbo yanayofanya kazi zaidi kuliko kwa yale yaliyofungwa, na machimbo yakafungwa karibu yote. Mwezi wa Februari 2020, baada ya tufani, lundo la zamani huko Tylorstown lilishuka hadi mtoni, na kwa rehema halikumkuta mtu. Ndipo ilipoanza kazi ya kuyaorodhesha malundo yote ya makaa yaliyoachwa huko Wales. Yakapatikana zaidi ya 2,000, na zaidi ya 300 yakahesabiwa kuwa ya hatari zaidi, na hayo sasa hupandwa na wakaguzi, wanaotazama mifereji yake ya maji kama imeziba, na nyufa zake kama zimepanuka tangu walipokuja mara ya mwisho.